PCOS: nianzie kwa daktari gani?

PCOS ni nini?
Ni hitilafu ya homoni inayompata karibu mwanamke 1 kati ya 10 wa umri wa kuzaa. Yai halipevuki kwa mpangilio, hedhi inaruka, chunusi hazikomi, ndevu zinaota kidevuni.

Utrasaundi imeonyesha vifuko kwenye ovari. Nitumie dawa gani kuviyeyusha?
Hakuna. Hivyo si uvimbe, ni mayai yaliyoishia njiani. Tena picha peke yake haitoshi kusema una PCOS.

Kuna dawa ya kusafisha kizazi, shoga yangu aliinywa akashika mimba.
Kizazi hakina uchafu wa kusafishwa. Mwenye PCOS hupevusha yai mara mojamoja hata bila dawa. Huenda shoga yako angeshika mimba kwa kunywa maji tu. Acheni hizo chupa, dada zangu.

Sijaona hedhi miezi sita lakini siumwi. Si nimepumzika?
Hujapumzika. Ukuta wa ndani wa mji wa mimba unazidi kunenepa bila kutoka, na ukiachwa hivyo miaka unaweza kuzaa saratani. Siku 90 bila hedhi, huna mimba, hunyonyeshi, hutumii sindano wala kijiti cha uzazi wa mpango: njoo hospitali. Si baada ya kumaliza dozi ya mitishamba. Siku 90.

Basi nimwone nani?
Anza na daktari wa kituo cha afya au hospitali ya wilaya, usikae nyumbani ukisubiri bingwa. Atapima mimba kwanza, kisha presha na sukari, halafu atakupa rufaa. Shida ikiwa hedhi au mtoto, nenda kwa bingwa wa magonjwa ya wanawake. Sukari ikipanda, au ndevu zikiongezeka ghafla na sauti kuwa nzito, anahitajika bingwa wa homoni. Ni wachache, kwa hiyo asipokuwepo, bingwa wa magonjwa ya ndani ataanza nawe. Yeyote atakayekuandikia dawa bila kuuliza kama unataka mtoto sasa au baadaye, mkumbushe, maana tiba ni tofauti.

Nije na nini?
Tarehe za hedhi, majibu ya vipimo vya nyuma, na zile chupa za mtandaoni. Hatutakugombeza. (Labda kidogo.) Na kama mnatafuta mtoto, njoo na mumeo apimwe mbegu. Nimechoka kumwona mke akija peke yake mara ya nne, bwana hajapimwa hata mara moja.