Je, wajua kwa nini kuli wa Kibirizi na mwenye kitambi wanaweza kupata BMI (kipimo cha uzito kulingana na urefu) ileile?

Pale mwalo wa Kibirizi, Kigoma, mizigo inaingia kwenye boti kwa mabega ya watu. Chukulia kijana mmoja anayeshinda akibeba madumu ya mawese na magunia ya dagaa: urefu mita 1.70, uzito kilo 78. Sasa mchukue mwenye duka wa Mwanga, hukohuko Kigoma, anayeshinda kwenye kiti, urefu na uzito uleule, ila yeye kitambi kinamtangulia mlangoni. Wakipanda kwenye mzani wa stendi, wote wawili wataambiwa BMI yao ni 27, yaani wamezidi uzito. Inakuwaje?

Hesabu yenyewe ni fupi. Uzito kwa kilo unagawanywa kwa urefu uliozidishwa kwa urefu huohuo. 1.70 mara 1.70 ni 2.89, 78 gawanya kwa 2.89 unapata 27 kasoro kidogo sana. Kwa viwango vya Shirika la Afya Duniani, chini ya 18.5 ni uzito pungufu, 18.5 hadi 24.9 uko sawa, kuanzia 25 umezidi, na 30 kwenda juu ni kiribatumbo. Kilichoingia kwenye hesabu ni kilo na mita, basi. Msuli haumo, kitambi hakimo.

Na aliyeibuni hakuwa akivitafuta. Adolphe Quetelet wa Ubelgiji alikuwa mtaalamu wa hisabati na nyota, si daktari. Miaka ya 1830 alikuwa akimsaka "mtu wa wastani" kwa takwimu, akaona kwamba miongoni mwa watu wazima uzito hupanda takriban kwa kipeo cha pili cha urefu, yaani urefu mara urefu. Mtu mrefu si mfupi aliyekuzwa pande zote. Angekuwa hivyo, tungetumia kipeo cha tatu. Jina BMI lilikuja mwaka 1972, pale Ancel Keys wa Marekani na wenzake walipolinganisha kanuni kadhaa wakaichagua hii kwa ajili ya tafiti za makundi. Kwa kazi hiyo bado inafaa: ukipima watu elfu kumi, makuli ni wachache, na wenye BMI kubwa kwa jumla ndio wenye presha na kisukari zaidi. Shida ni pale namba ya kundi inaposomewa mtu mmoja kama hukumu ya mahakama.

Lita moja ya msuli ina uzito wa kama kilo 1.06; ya mafuta, kama kilo 0.9. Kilo nyingi za kuli zimekaa mabegani, mgongoni na mapajani, na misuli inayofanya kazi hufyonza sukari kutoka kwenye damu. Za mwenye duka zimejibana ndani ya tumbo, kuzunguka utumbo na ini. Mafuta ya huko hayakai kimya. Yanamwaga asidi za mafuta kwenye damu iendayo kwenye ini, na mwili unaanza kuipuuza insulini, homoni inayoshusha sukari ya damu. Kongosho linalazimika kutoa insulini zaidi na zaidi. Likichoka, sukari inapanda. Mafuta ya nyonga na mapaja hayana ukorofi huo, kwa hiyo akina mama wanaosemwa kwa nyonga zao wana la kujibu.

Mimi kuli hanitii wasiwasi. Anayenitia wasiwasi ni mzee wa BMI 23, miguu myembamba, misuli imepungua kwa umri, tumbo liko mbele. Mzani unamsifu, anarudi nyumbani ametulia. Watu wenye asili ya Asia nao huweza kupata kisukari wakiwa na BMI ndogo kuliko wengine.

Ndiyo maana utepe wa fundi cherehani unausaidia sana mzani. Pumua nje, usibane tumbo, upitishe utepe katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga. Kiuno kisifike nusu ya urefu wako: kwa mtu wa mita 1.70, kibaki chini ya sentimita 85. Hapo kuli na mwenye duka wataachana mara moja. Aliyepitiliza akapime presha na sukari, hata kama hajisikii vibaya.

Viwango hivyo vya BMI havimhusu mjamzito, maana mzani unampima na mtoto wake. Wala watoto: BMI yao husomwa kwa umri na jinsia, na wa miezi 6 hadi 59 huweza kupimwa mzingo wa mkono wa juu kwa ule utepe wa rangi. Nyekundu, yaani chini ya sentimita 11.5, ni utapiamlo mkali, na mtoto huyo anapelekwa kituo cha afya siku hiyohiyo.