Je, Wajua? Kwa Nini Mfuko Unaoyumba Huweza Kumfaa Zaidi Mwenye Muda

Mtu wa Mwanza anayetaka kuweka akiba kwenye mfuko wa uwekezaji wa pamoja huuliza kwanza: upi ni salama? Akielezwa kuwa kuna mfuko ambao thamani ya kipande, yaani sehemu unayonunua ndani yake, hupanda kidogo kidogo karibu kila siku, na mwingine wenye hisa nyingi ambao leo uko juu na mwezi ujao uko chini, hachelewi kuamua. Anachukua wa kwanza. Basi kwa nini wapo watu waangalifu, wasiopenda kubahatisha, wanaochagua ule wa pili kwa makusudi?

Sababu iko kwenye foleni ya malipo ndani ya kampuni. Ukinunua hatifungani, kama ufanyavyo mfuko ule wa kwanza, umekopesha, na riba yako imeandikwa tangu siku ya kwanza. Mwenye hisa yuko mkiani mwa foleni: hupata kinachobaki baada ya kulipwa wafanyakazi, wauza malighafi, wakopeshaji na kodi. Mwaka mbaya huenda kisibaki kitu. Mwaka mzuri, kinachobaki ni cha wenye hisa peke yao, na hakuna aliyekiwekea kikomo. Kwa kuwa ndiye anayebeba mashaka ya wote walio mbele yake, hakubali kununua ila kwa bei inayompa tumaini la kupata zaidi ya mkopeshaji. Ziada hiyo ni ujira wa kuvumilia. Kwenye masoko kama Marekani na Uingereza, ukipima miaka mingi, hisa zimezidi hatifungani kwa tofauti kubwa.

Lakini tumaini si ahadi. Fahirisi ya hisa za Japani, Nikkei, yaani kipimo cha mwenendo wa bei za hisa za kampuni kubwa, ilifika kileleni Desemba 1989, ikaporomoka, na haikukivuka kilele hicho hadi Februari 2024. Miaka 34! Aliyeweka kila kitu mara moja, kwenye nchi moja na katika kilele, alizeeka akisubiri. Kwa hiyo anayetaka hisa nyingi anahitaji pia kutawanya, na hapa wengi wetu tunajidanganya kwa kuhesabu majina tu.

Soko la Hisa la Dar es Salaam, lililoanza biashara mwaka 1998, ni dogo. NMB iliingia 2008, CRDB 2009, Vodacom 2017, na wapo pia wazalishaji wa saruji, bia na sigara. Mfuko wenye hisa za kampuni kumi unaweza kuwa umelalia benki mbili kubwa bila wewe kutambua. Kwa hiyo fungua taarifa ya mfuko, tazama kampuni tano zinazoongoza na uone zimebeba sehemu gani ya fedha yote. Mifuko ya mchanganyiko kama Umoja, uliozinduliwa 2005, huweka hisa pamoja na hatifungani. Mfuko wa Ukwasi, ambao huweka fedha kwenye amana za benki na hatifungani, hauna habari na hisa.

Kwa watu wa kando ya ziwa, mtawanyiko una maana moja zaidi ambayo washauri wa Dar es Salaam huipita haraka. Mchukue mama anayefanya biashara ya dagaa pale Mwaloni, Kirumba. Dagaa huvuliwa usiku wa giza, kwa taa; mbalamwezi ikiwaka, mitumbwi hupumzika na kipato chake kinasinzia. Mvua zikinyesha wakati wa kuanika, mzigo unaharibika. Huenda mume wake naye yuko kwenye mnyororo wa sangara, na wapangaji wa vyumba vyao Igoma ni wabeba mizigo wa mwaloni huohuo. Anaonekana ana vitega uchumi vitatu, kumbe vyote vinakunywa ziwani. Kwake yeye, kumiliki kipande cha benki, cha saruji na cha simu ni kupata, kwa mara ya kwanza, kipato kisichoufuata mwezi. Naamini kabisa kwamba mtu wa namna hii anazihitaji hisa kuliko mtumishi mwenye mshahara wa uhakika.

Ila asiingize fedha ya kununulia dagaa wa giza lijalo, wala ada ya Januari. Bei ikishuka kwa asilimia 50, inahitaji kupanda kwa asilimia 100 ndipo irudi ilipokuwa, na atakayelazimika kuuza katikati ya safari hiyo amepata hasara ya kweli. Fedha ya mtaji na ya dharura ikae Ukwasi au benki. Ile ya uzeeni, ya miaka kumi na kuendelea, ndiyo inayoweza kuyumba bila kumuumiza.

Kununua kila mwezi husaidia pia. Tuseme unaweka shilingi 100,000 kwa miezi mitatu, na kipande kinauzwa 500, kisha 400, kisha 500 tena. Utapata vipande 200, 250 na 200. Bei imerudi palepale ilipoanzia, lakini vipande vyako 650 vina thamani ya 325,000, nawe umetoa 300,000.

Sasa gharama, ambayo haipigi kelele na ndiyo inayokula zaidi. Chukua shilingi milioni 10 kwa miaka 20, fedha ikizaa asilimia 10 kwa mwaka kabla ya makato. Mfuko unaokata asilimia 0.5 kila mwaka utakuachia takribani milioni 61.4. Unaokata asilimia 2.5 utakuachia milioni 42.5. Karibu milioni 19 zimeondoka, na hakuna siku uliyoona risiti yake, kwa sababu ada ya usimamizi hukatwa ndani ya mfuko kabla thamani ya kipande haijatangazwa. John Bogle, mwanzilishi wa Vanguard, kampuni ya mifuko ya uwekezaji huko Marekani, alilishika jambo hili mapema: mwaka 1976 alifungua mfuko unaofuata fahirisi ya soko bila kulipa wataalamu wa kuchagua hisa, ili gharama ishuke. Mapato ya kesho huwezi kuyachagua leo, ada unaweza. Uliza ada ya mwaka, ada ya kuingia na ya kutoka, na usikubali jibu la mdomo wakati waraka wa mfuko upo.

Halafu kiasi cha hisa hakibaki kilekile maisha yote. Mwenye miaka 30 anaweza kuwa na sehemu kubwa ya akiba yake ya uzeeni kwenye hisa. Akibakiza miaka mitano hivi kabla ya kuihitaji fedha, aanze kuhamishia kidogo kidogo kwenye mfuko wa hatifungani au Ukwasi, kila mwaka sehemu yake, asingoje mwaka wa mwisho ndipo auze vyote kwa bei atakayoikuta siku hiyo.