Freddie Mercury na Queen: yanayosimuliwa na mashabiki, na yaliyotokea kweli

Wakikutana mashabiki wa Queen, mazungumzo hayaishi. Mmoja alimsikia Freddie Mercury, mwimbaji wa bendi hiyo ya rock ya Uingereza, kwenye kaseti ya kaka yake, mwingine anaapa kwamba mzee wake alimjua tangu utotoni pale Shangani, Unguja, alipokuwa akiitwa bado Farrokh Bulsara, na wa tatu ameitazama Bohemian Rhapsody, filamu ya mwaka 2018 kuhusu maisha yake, mara kadhaa, basi hana tena swali. Mapenzi hayo ninayo na mimi, na ndiyo yanayonisukuma kuandika. Katika simulizi zetu mna mambo mengi yasiyo kweli, na baadhi yake yanawanyang'anya watu heshima ya kazi yao. Nianze na lililo karibu nasi.

"Alizaliwa kwenye ile nyumba ya Barabara ya Kenyatta"

Nyumba hiyo ya Shangani, ambayo tangu mwaka 2019 ina makumbusho yake, inahusishwa na familia ya Bulsara, na mgeni akipita hapo kupiga picha hakosei. Kuzaliwa, lakini, alizaliwa hospitali ya serikali, tarehe 5 Septemba 1946. Familia iliishi Mji Mkongwe, na baadaye, biashara ya utalii iliponoga, zikajitokeza nyumba zaidi ya moja zinazodaiwa kuwa ndiyo yenyewe.

Baba yake, Bomi Bulsara, alikuwa keshia wa Mahakama Kuu chini ya serikali ya Kiingereza. Yeye na mkewe Jer walikuwa Waparsi kutoka Gujarat, India, na jina la ukoo wao linatokana na mji wa Bulsar, ambao sasa huitwa Valsad. Waparsi ni watu wa dini ya Zoroaster ambao wazee wao waliihama Uajemi zaidi ya miaka elfu moja iliyopita. Kwa hiyo wanaobishana kama alikuwa Mwarabu, Mwajemi au Mwingereza wanamkata vipande mtu ambaye historia yake ni ya bahari yetu hii ya Hindi: asili Uajemi, nyumbani Gujarat, kuzaliwa Unguja.

Kuna pia wanaosema alikulia Unguja mpaka Mapinduzi yalipomfukuza. Nusu ya maneno hayo ni kweli. Alipokuwa na umri wa miaka kama minane alipelekwa shule ya bweni ya St Peter's, Panchgani, katika milima ya magharibi ya India. Huko ndiko alikojifunza piano vizuri, ndiko wenzake walikoanza kumwita Freddie, na ndiko alikopiga katika bendi yake ya kwanza, The Hectics, wakiiga nyimbo za rock and roll. Alirudi Unguja mwaka 1963. Januari 1964 yakatokea Mapinduzi, na mwaka huohuo familia ikahamia Feltham, pembezoni mwa London. Alikuwa na miaka 17. Ukijumlisha, Unguja ilimlea katika utoto wa awali na mwaka mmoja hivi wa ujana. Ni haki yetu kujivunia, ila tusiisahau Panchgani, maana mwanamuziki alianzia kule.

"Amesema Bismillah, basi alikuwa Mwislamu"

Hili nimelisikia kwa watu wazima wenye akili timamu. Neno lipo kweli ndani ya wimbo wa Bohemian Rhapsody, katika ile sehemu inayoimbwa kwa mtindo wa opera, na wimbo wa Mustapha wa mwaka 1978 unamtaja Mwenyezi Mungu na Ibrahim. Mtoto aliyelala na kuamka akisikia adhana za Mji Mkongwe hawezi kuwa mgeni wa maneno hayo. Lakini alikuzwa katika dini ya wazazi wake, na mazishi yake yaliongozwa na makuhani wa Kizoroaster. Mustapha nao si wimbo wa Kiswahili, ingawa wapo wanaotega masikio wakitafuta. Umechanganya Kiingereza, maneno ya Kiarabu, na mengine ambayo Freddie aliyabuni mwenyewe kwa sababu yalimpendeza yakiimbwa.

"Filamu imeonyesha yote"

Hapa nitakaa kidogo, kwa kuwa filamu ile imeingia katika kumbukumbu za watu hata waliokuwa hai mwaka 1985 wanaisimulia kana kwamba ndiyo waliyoyaona.

Katika filamu, Freddie anasaini mkataba wa kuimba peke yake, wenzake wanaumia, bendi inavunjika, kisha wanapatana ili kupiga Live Aid, tamasha la hisani katika uwanja wa Wembley, London. Queen haikuvunjika. Wa kwanza kutoa albamu ya peke yake alikuwa Roger Taylor, mpiga ngoma, mwaka 1981. Brian May, mpiga gitaa, alitoa kazi yake na wanamuziki wengine mwaka 1983. Albamu ya Freddie, Mr. Bad Guy, ilifuata Aprili 1985, ya mwisho katika foleni. Mwaka 1984 Queen walitoa albamu ya The Works, Januari 1985 wakapiga tamasha la Rock in Rio, Brazil, mbele ya umati mkubwa mno, na ziara yao ikaishia Japan mwezi Mei. Live Aid ilikuwa tarehe 13 Julai. Yaani walipanda jukwaa la Wembley wakiwa bado na joto la safari, na ndiyo sababu zile dakika zao ishirini na kidogo zilikwenda bila kasoro. Hiyo ilikuwa kazi ya bendi iliyozoeana usiku baada ya usiku, wala hawakuwa watu waliokuwa wamenuniana kwa miaka.

Kubwa zaidi ni habari ya ugonjwa. Filamu inamwonyesha akiwaambia wenzake kwamba ana VVU kabla ya Live Aid. Kwa maelezo ya Jim Hutton, mwenzi wake wa miaka ya mwisho, Freddie aligunduliwa mwaka 1987. Ukisogeza jambo hilo miaka miwili nyuma unapata hadithi ya kutoa machozi, na unapoteza jambo lenye uzito zaidi: onyesho lile alilifanya akiwa na furaha na nguvu zake, si kama mtu anayeaga. Tena baada ya hapo walizunguka Ulaya mwaka 1986, wakapiga onyesho lao la mwisho pamoja Knebworth, Uingereza, tarehe 9 Agosti.

Wengine husema alipougua alijifungia akaacha muziki. Kinyume chake kabisa. Kati ya 1988 na 1991 alitoa albamu ya Barcelona na mwimbaji wa opera Montserrat Caballé, kisha The Miracle na Innuendo na bendi, na alipokuwa amedhoofu sana bado alikwenda studio ya Montreux, Uswisi, akaomba aandikiwe maneno zaidi ya kuimba. Sauti yake ya mwisho iko katika Mother Love, ndani ya albamu iliyotoka 1995. Beti la mwisho anaimba Brian May, kwa kuwa Freddie hakuwahi kurudi kulimaliza.

Wala hakufa ametelekezwa. Nyumbani kwake Garden Lodge, Kensington, alikuwepo Jim Hutton, walikuwepo marafiki waliokuwa wakimuuguza, na Mary Austin, aliyekuwa mchumba wake miaka ya sabini na akabaki mtu wake wa karibu hadi mwisho, ndiye aliyeachiwa nyumba. Alitangaza ugonjwa wake tarehe 23 Novemba 1991, akafariki kesho yake kwa nimonia iliyoletwa na UKIMWI. Alikuwa na miaka 45.

Nasikia anavyolaumiwa kwa kunyamaza. Wanaomlaumu humlinganisha na Philly Bongoley Lutaaya, mwanamuziki wa Uganda aliyejitangaza mwaka 1989 na kutumia miezi yake ya mwisho akizunguka kuwaelimisha watu. Lutaaya alikuwa shujaa, na heshima yake haina mjadala. Lakini magazeti ya udaku ya London yalikuwa yakimvizia Freddie mlangoni, yakimpiga picha amekonda. Mgonjwa ana haki ya kuchagua nani ajue na lini. Mwaka 2006, ilipopangwa sherehe ya kumbukumbu yake Unguja, jumuiya ya Kiislamu ya Uamsho ilipinga vikali kwa sababu ya maisha yake ya mapenzi, na sherehe haikufanyika. Naliona hilo kuwa hasara yetu, maana mji uliomzaa ungeweza kumkumbuka bila kumhukumu.

Madogo madogo ya mashabiki

Eti sauti yake ilikuwa ya oktavu nne, yaani ilipanda ngazi nne kamili za noti. Mwaka 2016 watafiti kutoka Austria, Uswidi na Czech walichapisha uchunguzi wa rekodi zake na hawakuweza kulithibitisha hilo. Walichokiona kinavutia zaidi: katika mazungumzo sauti yake ilikuwa nzito ya baritoni, ilhali tumemzoea akiimba juu, na mtetemo wa sauti yake ulikuwa wa kasi kuliko ilivyo kawaida kwa waimbaji.

Kile kijiti cha maikrofoni kisicho na kitako hakikubuniwa na mtaalamu. Kilivunjika jukwaani, akakipenda, basi.

Meno aliyaacha kwa makusudi. Alikuwa na meno ya ziada kinywani, fedha za kuyarekebisha alikuwa nazo tele, ila aliogopa sauti ingebadilika.

I Want to Break Free unasimuliwa kama wimbo wa Freddie kuhusu maisha yake ya siri. Uliandikwa na John Deacon, mpiga besi, baba wa watoto. Na ile video wanayovaa magauni ilikuwa utani juu ya tamthilia maarufu ya Uingereza, Coronation Street.

"Queen waliwaunga mkono makaburu"

Hili halipaswi kupita haraka kwa msomaji wa Afrika. Oktoba 1984 Queen walikwenda kupiga Sun City, katika Bophuthatswana, moja ya nchi bandia zilizoundwa na serikali ya ubaguzi wa rangi ya Afrika Kusini, wakati Umoja wa Mataifa umetoa wito wa kususia. Chama cha wanamuziki cha Uingereza kiliwatoza faini. Walijitetea kwamba wao si wanasiasa na kwamba walipigia watu wa rangi zote, na walichangia shule ya watoto viziwi na vipofu huko.

Kuna mashabiki wanaolificha jambo hili na wengine wanaolitumia kuwaita wabaguzi. Sijaona ushahidi wa kuwaita hivyo, bendi ambayo mwimbaji wake mkuu alikuwa mtoto wa wahamiaji wa Kiasia. Lakini utetezi ule ni dhaifu. Kupiga Sun City wakati wengine wanakataa mamilioni kulikuwa kosa, na kosa haliondolewi na hisani. Novemba 2003, Brian May na Roger Taylor walipanda jukwaani Cape Town katika tamasha la 46664 la Nelson Mandela, la kupambana na UKIMWI. Mandela aliwapokea. Shabiki anayejua yote mawili, 1984 na 2003, ndiye anayeijua bendi yake.

"Freddie ndiye aliyeandika kila kitu"

Hii ndiyo dhana inayoniudhi kuliko zote. Bohemian Rhapsody ni wake, Somebody to Love ni wake, We Are the Champions ni wake. Lakini We Will Rock You, ule unaopigiwa makofi na vishindo vya miguu katika viwanja vya mpira dunia nzima, ni wa Brian May. Radio Ga Ga ni wa Roger Taylor. The Show Must Go On, ambao watu wanauita wosia wa Freddie, sehemu kubwa aliutunga May akimwandikia rafiki anayeugua. Mwaka 2003 wote wanne waliingizwa katika jumba la heshima la watunzi wa nyimbo la Marekani.

Hata kwaya ile ya Bohemian Rhapsody haikuwa kwaya. Ni watu watatu, Freddie, May na Taylor, waliorudia kujirekodi juu ya sauti zao wenyewe kwenye utepe mwaka 1975 mpaka ukajaa, na zile sauti za juu kabisa ni za mpiga ngoma.

John Deacon ndiye anayesahaulika zaidi. Wengi hudhani alikuwepo siku ya kwanza, kumbe alijiunga mwaka 1971, wapiga besi wengine wakiwa wameshapita. Alisoma elektroniki, hakuwa mwimbaji, na tangu 1997 ameishi kimya mbali na muziki. Another One Bites the Dust ni wimbo wake, wenye besi iliyovutwa na muziki wa bendi ya Chic. Michael Jackson ndiye aliyewasihi wautoe kama wimbo wa peke yake. Vituo vya redio vya Wamarekani weusi viliupiga mchana na usiku, ukashika namba moja Marekani mwaka 1980.

Na Deacon huyohuyo aliokota ubao wa saketi uliotupwa mtaani, akautengenezea kikuza sauti kidogo cha betri. May alikichomekea gitaa alilolitengeneza na baba yake kwa mbao za jiko la kuotea moto. Anayedhani Queen walikodi wapiga tarumbeta na klarineti kwa ajili ya Good Company, mwaka 1975, aisikilize tena kwa vipokea sauti vya masikioni. Bendi nzima ile ya jazi ni gitaa la May likipitia kile kijisanduku cha Deacon.