Pasi ya Treni Ulaya Hailipi Kila Kitu
Wengi hudhani ukishanunua pasi ya Eurail, yaani tiketi moja ya kupanda treni katika nchi nyingi za Ulaya, nauli ya kuzunguka Ulaya imekwisha. Kilichobaki ni chakula na malazi. Sivyo. Pasi inakupa haki ya kusafiri, haikupi kiti. Treni za kasi kama TGV ya Ufaransa, Frecciarossa ya Italia, AVE ya Hispania na Eurostar, zote lazima uweke nafasi na ulipie, mara nyingi kuanzia euro 10 kwenda juu kila safari. Treni za usiku nazo hutoza kitanda. Ujerumani, Austria na Uswisi ni nafuu: treni nyingi unapanda tu, begi mgongoni. Kwa safari tatu nne, linganisha kwanza bei ya pasi na ya tiketi za kawaida zinazokatwa mapema. Mimi ningeanzia hapo.