Kufeli mara moja angani si kufukuzwa

Wengi huamini kwamba mwanafunzi rubani wa jeshi akiboronga mara moja angani, mwalimu humtimua palepale. Katika Jeshi la Anga la Marekani, kwenye vituo vya mafunzo ya urubani kama Vance na Laughlin, mwalimu hana mamlaka hayo. Akifeli zoezi kwenye T-6, ndege ya mafunzo, mwanafunzi hurudia. Akizidi kufeli, hupimwa na mwalimu mwingine; akishindwa hapo pia, huruka safari ya kuamua hatima yake. Hata hiyo ikimshinda, makamanda hupitia kwanza faili lake lote. Na aliyekaa muda mrefu bila kuruka kwa sababu ya mawingu au ndege mbovu huweza kuongezewa safari ya kujikumbusha. Ni haki kabisa: ratiba iliyokwama haikupangwa na yeye.