"Jua kali hivi, mafuriko yatoke wapi?" Dhana potofu za wageni wa Hell's Gate

Hakuna wikendi ninayopeleka watu Hifadhi ya Taifa ya Hell's Gate, kusini mwa Ziwa Naivasha nchini Kenya, bila mmoja wao kuniambia hivyo tukiwa tunakaribia kushuka korongo la Ol Njorowa. Nimechoka kuisikia kauli hii, maana ndiyo inayoua.

Korongo halihitaji mvua juu ya kichwa chako ili lijae. Mvua ikipiga vilima vya jirani, ardhi ya majivu ya volkano inamwaga maji kwenye vijito, na vyote vinaishia kwenye mpasuko ambao mahali pengine ukinyoosha mikono unagusa kuta zote mbili. Kijito cha kulowesha viatu kinageuka, kwa dakika chache, mkondo wa tope, mawe na magogo. Tazama nyufa zilizo juu ya kimo chako: vijiti na nyasi zilizokwama humo zililetwa na maji. Aprili 2012 walikufa humo watu saba wa kundi la vijana wa kanisa. Septemba 2019 wakafa wengine saba, akiwemo mwongozaji wao.

Basi shuka asubuhi, si alasiri mawingu yakishajikusanya. Waulize askari wa KWS (Shirika la Wanyamapori Kenya) getini kama korongo limefunguliwa. Likiwa limefungwa, tafadhali usitafute kijana wa kukupitisha kwa siri. Ukiwa ndani, ujue kila wakati njia ya kupandia iliyo karibu nawe. Maji yakigeuka kahawia au vijiti vikianza kuelea, panda juu papo hapo. Usikimbie kuyafuata maji yanakoelekea, na picha ziache.

"Baiskeli zinaruhusiwa, kwa hiyo hakuna wanyama wa hatari." Nyati wapo, na chui wapo. Pundamilia watakupisha wenyewe. Nyati akiwa karibu na njia, simama mbali umsubiri aondoke, hata kama ni nusu saa. Kengele usiiguse.

"Maji ya moto ya korongoni ni ya kuoga." Joto hilohilo la ardhini limekuwa likizalisha umeme kwenye mitambo ya Olkaria tangu 1981. Kuna mahali linababua ngozi. Anayetaka kuoga aende kwenye bwawa lililotengenezwa kwa kazi hiyo.

"Njia ni tambarare, baiskeli yoyote itafaa." Hapa ndipo ninapogombana na wateja. Kabla hujalipa pesa ya kukodi, inua gurudumu la nyuma, lizungushe, bana breki. Lisiposimama mara moja, rudisha. Fanya hivyo na la mbele. Kisha punguza upepo kidogo kwenye tairi, maana vumbi la volkano ni jepesi na tairi gumu linazama na kuteleza. Bebeni maji lita mbili kila mtu, hata asubuhi ikiwa na baridi: mko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, na kivuli njiani ni haba.