Je, wajua ni nini hasa hupanga bei ya gari la umeme lililotumika?

Anayeuza Toyota IST jijini Mwanza hahitaji maelezo mengi. Dalali wa Nyakato au Kirumba akishaona kama gari ni namba D au namba E, akasikiliza injini kwa dakika mbili na kuchungulia moshi wa ekzosi, tayari ana bei kichwani, na bei hiyo haitapishana sana na ya dalali wa pili. Mpelekee dalali huyohuyo gari la umeme aina ya Nissan Leaf, la mwaka uleule, safi ndani na nje, nawe utaona akisita. Atakutajia bei ya chini, mwenzake atataja ya chini zaidi, na hakuna kati yao atakayeweza kukueleza ameipataje. Wengi huhitimisha kwamba magari ya umeme hayana soko huku Kanda ya Ziwa. Hitimisho hilo lina ukweli kidogo tu, kwa kuwa wanunuzi wapo. Kinachokosekana ni njia ya wao kujua wanachokinunua.

Mwaka 1970 mwanauchumi wa Marekani, George Akerlof, alieleza jinsi soko la magari yaliyotumika linavyoharibika pale muuzaji anapoijua hali ya gari na mnunuzi haijui. Mnunuzi asiyeweza kutofautisha gari zima na gari bovu hutoa bei ya katikati. Mwenye gari zima huona bei hiyo haimlipi, akaliondoa sokoni. Yanabaki mabovu, na bei inazidi kushuka. Uchambuzi wa aina hiyo ndio uliomfanya awe miongoni mwa waliopewa Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2001. Gari la mafuta huukwepa mtego huo kwa kiasi fulani, kwa sababu ubovu wake hujitangaza kwa moshi, kwa mlio, au kwa doa la oili chini ya injini. Betri haina moshi. Gari ambalo betri yake imebakiwa na asilimia 90 ya uwezo wake na lile lililobakiwa na asilimia 65 huondoka kwa ukimya uleule, na mnunuzi anayeogopa kuuziwa mbuzi kwenye gunia hukata bei mapema ili kujikinga. Kwa hiyo muuzaji anayetaka bei ya haki ana kazi moja kubwa, nayo ni kuiondoa hofu hiyo kwa ushahidi ambao mnunuzi anaweza kuuhakiki mwenyewe.

Ni vema kwanza kujua betri huzeeka vipi. Betri ya lithiamu hupoteza uwezo wake kwa namna mbili zinazokwenda pamoja: kwa kuchajiwa na kutumiwa, na kwa kupitiwa na miaka tu, hata gari likiwa limeegeshwa. Ndani ya kila seli kuna utando mwembamba unaoendelea kunenepa na kumeza lithiamu ambayo ingebeba chaji, na joto huharakisha kazi hiyo, hasa betri ikiwa imejaa. Magari mengi ya umeme hupoza betri zake kwa kimiminika kinachozungushwa, lakini Leaf ya vizazi viwili vya kwanza, iliyoanza kuuzwa Desemba 2010, huitegemea hewa tu. Mwaka 2012 wamiliki wa jimbo la Arizona, ambako joto la kiangazi hupita nyuzi 40, walilalamika kwamba magari yao yalikuwa yakipoteza umbali kwa kasi isiyotarajiwa, na baadaye Nissan ikaweka dhamana ya uwezo wa betri ya miaka mitano au maili 60,000 kwa matoleo hayo ya mwanzo. Dhamana za namna hiyo kwa kawaida huishia katika nchi gari lilikouzwa likiwa jipya, kwa hiyo mnunuzi wa Mwanza asipewe matumaini nayo.

Hapa ndipo jiji letu lina hoja ya kuuzia. Mwanza iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na joto la mchana kwa kawaida halifiki lile la Dar es Salaam, huku usiku ukiwa wa baridi kiasi. Gari lililoishi hapa, likaegeshwa kivulini na kuchajiwa taratibu usiku, lina sababu ya kweli ya kuwa na betri yenye afya kuliko ndugu yake wa Pwani. Hata hivyo hoja hii isibebeshwe mzigo mkubwa. Gari linaweza kuwa limetumika miaka mingi huko lilikotoka kabla ya kupanda meli, na herufi ya namba, ambayo dalali huitazama kwanza, huonyesha lini gari lilisajiliwa nchini bila kusema lolote kuhusu umri wa betri.

Ushahidi wa kwanza uko kwenye dashibodi. Kando ya kipimo cha chaji, Leaf ya kizazi cha kwanza ina alama ndogo 12 zinazoonyesha uwezo wa betri uliosalia. Alama ya kwanza huzimika baada ya betri kupoteza takriban asilimia 15, na hizo nyingine huzimika kwa hatua ndogo zaidi. Ushahidi wa pili ni programu ya simu inayoitwa Leaf Spy, ambayo husoma kompyuta ya gari kupitia kifaa kidogo kinachochomekwa chini ya usukani na kutoa asilimia ya afya ya betri. Mwenye gari anayehifadhi picha za usomaji huo, kwa mfano moja kila baada ya miezi michache, zenye tarehe na kilomita, anakuwa na kitu ambacho wauzaji wengi hawana. Tatizo ni kwamba vipimo vyote hivyo viwili hutegemea kumbukumbu ya kompyuta ya betri, na kumbukumbu hiyo inaweza kufutwa. Ikifutwa, alama zote 12 huwaka tena kana kwamba betri ni mpya, kisha huanza kuzimika moja baada ya nyingine gari likiwa tayari mikononi mwa mnunuzi mwenye bahati mbaya. Mnunuzi aliyesikia habari hiyo hataiamini dashibodi yako, na ana haki.

Kipimo ambacho kinanishawishi zaidi kiko ukutani mwa nyumba nyingi, nacho ni mita ya LUKU. Uniti moja ya LUKU ni kilowati-saa moja, kipimo kilekile kinachotumika kutaja ukubwa wa betri ya gari. Tumia gari mpaka chaji ishuke hadi asilimia 20, liegeshe, kisha zima friji, pasi, pampu ya maji na kila kinachokula umeme wa mita hiyo. Mbele ya mnunuzi, au walau kwa video isiyokatwa, soma uniti zilizopo, chomeka gari, acha lijae hadi asilimia 100, kisha soma tena. Tuseme ni Leaf yenye betri ya kilowati-saa 24, na LUKU imeliwa uniti 14. Katika kuchaji taratibu, sehemu fulani ya umeme hupotea kama joto kwenye waya na kwenye chaja. Ukikadiria upotevu wa asilimia 15, zilizoingia kwenye betri ni kama 12. Hizo 12 zimejaza asilimia 80 ya betri, kwa hiyo betri nzima inabeba kama 15. Gari hilo likiwa jipya liliweza kutumia kama kilowati-saa 21 hivi kati ya zile 24, kwa hiyo limebakiwa na takriban asilimia 70. Hesabu hii si ya maabara, lakini hata aliyefuta kumbukumbu ya kompyuta hawezi kuilazimisha betri chovu imeze umeme ambao haina pa kuuweka. Mnunuzi naye anaielewa bila mkalimani, maana uniti anazinunua kila mwezi.

Asilimia hiyo igeuzwe kuwa safari. Leaf inayoendeshwa kwa utulivu hutembea kama kilomita sita hadi saba kwa kila kilowati-saa, kwa hiyo gari la mfano wetu litafika kilomita 90 hadi 100, pungufu kidogo ukiwasha kiyoyozi na kupanda Bugando mara kwa mara, ingawa katika kuteremka mota hurudisha sehemu ya umeme uliotumika kupandia. Maana yake ni kwamba gari hilo litamhudumia kwa raha mtu anayetoka Buswelu kwenda mjini na kurudi, au anayepeleka watoto shule Nyegezi. Kwenda Magu na kurudi bila kuchaji halitaweza, na Shinyanga lisifikirie. Ni afadhali muuzaji aseme hivyo waziwazi. Anayelificha jambo hili hupata mnunuzi wa kwanza haraka, kisha hupata ugomvi wiki inayofuata. Anayelisema huwapunguza wanaouliza, na wanaobaki huwa wamekuja kununua kweli.

Sasa bei yenyewe. Kosa la kawaida ni kuanza na fedha ulizotoa ulipoagiza gari. Soko la dunia limebadilika sana: mwezi Januari 2023 Tesla ilishusha bei za magari yake mapya Marekani na Ulaya, na Januari 2024 kampuni ya kukodisha magari ya Hertz ikatangaza kuuza magari ya umeme yapatayo 20,000 kutoka kwenye magari yake ya Marekani, mambo ambayo yalishusha bei za yaliyotumika. Betri nazo zimeshuka bei, kutoka zaidi ya dola 1,000 kwa kilowati-saa mwaka 2010 hadi takriban dola 115 mwaka 2024, kwa hesabu za kampuni ya utafiti ya BloombergNEF. Ulichotoa wewe ni historia. Kinachopima thamani ya gari lako ni gharama ambayo mnunuzi angeingia leo kuagiza lingine kama hilo, yaani bei ya kulitoa Japani na kulifikisha bandarini, ushuru ambao kikokotoo cha TRA cha mtandaoni kitamwonyesha akiingiza aina na mwaka, pamoja na gharama za wakala wa forodha.

Juu ya hapo ongeza jambo ambalo madalali wengi hulisahau. Gari la mafuta likitoka bandarini Dar es Salaam hukabidhiwa dereva, likaendeshwa kilomita zaidi ya 1,100 hadi Mwanza. Leaf yenye uwezo wa kilomita 100 haiji hivyo. Inapakiwa kwenye lori, na lori hulipwa. Gari lililokwisha kufika Mwanza limebeba gharama hiyo ndani yake, na muuzaji ana haki ya kuihesabu. Kwa kipimo hichohicho, akijitokeza mnunuzi wa Dar es Salaam, gharama ya lori la kurudi itakatwa kwenye bei yako, kwa hiyo mnunuzi wako wa asili ni wa hapa kandokando ya ziwa.

Mnunuzi huyo pia ana sura inayojulikana. Ni mtu mwenye maegesho ndani ya uzio na mita yake mwenyewe ya LUKU. Mpangaji anayechangia mita na wenzake watatu atapenda gari, atalisifu, lakini usiku wa kwanza wa kuchaji utaleta kikao cha wapangaji. Kumuuliza mtu mapema anaegesha wapi kunaokoa muda wa wote wawili. Dalali naye aelezwe kiwango chako cha chini na malipo yake kabla hajaanza kutafuta watu, kwani katika bidhaa ambayo bei yake haijulikani, cha juu kinaweza kunenepa kuliko inavyotokea kwenye IST.

Yako madogo yanayokata bei bila sababu. Gari la umeme lina pia betri ndogo ya volti 12, kama ya gari lolote, na ikichoka gari hugoma kuwaka huku taa za onyo zikijaa dashibodini. Mnunuzi akiona hivyo hudhani betri kubwa imekufa. Ibadilishe kabla ya kutangaza gari. Waya wa kuchajia uwepo na ufanye kazi, kwa sababu magari ya Japani hutumia kichwa cha aina yake ambacho hukipati kila duka la vifaa vya umeme. Kadi ya gari iwe ya jina lako, na madeni ya faini za barabarani yawe yamelipwa.

Mwisho kuna sakafu ambayo bei haipaswi kuivuka kwenda chini. Betri ya Leaf ya kilowati-saa 24 ina moduli 48, yaani vifurushi vidogo vya seli, kila moja ikibeba takriban nusu kilowati-saa ilipokuwa mpya, na moduli zilizochoka kwa gari bado zinafaa kuhifadhi umeme wa sola wa duka au nyumba, hata visiwani Ukerewe na Ukara. Jumlisha thamani hiyo na ya tairi, viti, taa na bodi, na utajua ni ofa gani ya kukataa bila kujadiliana. Kuifungua betri yenyewe, hata hivyo, aachiwe fundi aliyesomea umeme mkubwa, kwa sababu ikiwa imejaa ina karibu volti 400, na hizo huua.